Dawa ya Mtu, ya Mti au ya Mfugo

Wanangu mnaoanza uuguzi na ukunga, mtanisamehe nikianza na mikono, maana mimi mwenyewe nilianzia hapo. Mkunga aliyenifundisha kazi, Mama Veronika wa zahanati ya shamba la kahawa kule Oldeani, hakuwa na haja ya kutuuliza kama tumenawa. Alikuwa ananusa. Umetoka kumhudumia mama mmoja, unakwenda kwa mwingine, yeye anakudaka, anakipeleka kiganja chako puani kama mtu anayechagua nanasi, kisha anasema, "Huyu hajaonana na sabuni. Rudi bombani." Na maji ya Oldeani asubuhi mnayajua, yanauma mpaka kwenye meno. Nilimchukia mama yule miezi mingi sana. Sasa nimestaafu, niko Ganako na mahindi yangu na maharage yangu, na sijui ni siku gani imepita bila kumshukuru.

Juzi binti wa jirani anayesoma uuguzi aliniuliza, "Bibi, zamani mlifanyaje kazi bila utrasaundi?" Nikamjibu, tulikuwa na dirisha. Akadhani namtania.

Simtanii. Zahanati ya Mang'ola nilikofanya kazi miaka yangu ya mwisho ilikuwa na dirisha linalotazama barabara, na wagonjwa wengi walishushwa pale na bodaboda. Mama mwenye malaria hushuka amelegea. Mama mwenye uchungu hushuka na makelele au na ukimya mkubwa, kutegemea alivyolelewa. Lakini mama mwenye maumivu ya nyonga utamjua tangu mbali. Anakaa upande, anajinyanyua kwenye kiti na kujishikilia kwa mikono ili mashimo yasimpige chini ya kitovu, na akishuka anatembea ameinama kama amebeba yai chini ya kanga. Mkimwona wa namna hiyo, msingoje zamu yake ifike. Tokeni nje mkampokee.

Mikono nayo ina mambo yake. Nilipokuwa bado mwanafunzi, Mama Veronika alinichukua kwenye kliniki ya mkoba huko juu Ngorongoro, asubuhi ya ukungu ambao huoni ng'ombe mpaka akukanyage. Nikamlaza mama mmoja wa Kimaasai, nikaweka vidole chini ya kitovu, mama akaruka na kupiga kelele. Nikajiona daktari. Nikatangaza kwamba tumbo lina maumivu makali, huyu mama anahitaji gari sasa hivi. Mama Veronika akanishika vidole, akaguna. "Hujagusa ugonjwa. Umemgusa kwa barafu." Mama wa watu akacheka, wenzake waliokuwa kwenye foleni wakacheka, hata dereva wetu nje akacheka, na mimi nikaenda kukumbatia birika la chai mpaka viganja vikapata moto. Niliporudi kumpima, tumbo lilikuwa laini, halina neno. Kwa hiyo pasheni mikono moto kwanza. Na mnapobonyeza msitazame tumbo, tazameni uso. Tumbo halisemi kitu, uso ndio unaosema.

La tatu alilonifundisha mama yule ndilo lililonipa hadithi ya leo. Alisema kila mgonjwa anayefika kwetu ameshatibiwa mahali fulani kabla, na ukimuuliza "Umetumia dawa?" atasema hapana, kwa sababu anajua unachotaka kusikia. Kwa hiyo uliza hivi, tena kwa sauti ya kawaida kama unauliza bei ya sukari: "Umetumia dawa ya mtu, ya mti au ya mfugo?" Mgonjwa akiona kwamba yote matatu unayajua na hukukunja uso, atachagua moja.

Kwenye mashamba ya vitunguu ya Mang'ola jibu lilikuwa mara nyingi ni mti. Wanawake wanasimama kwenye maji ya mfereji tangu asubuhi, na kila tumbo la chini linalouma linaitwa chango, na kwa kila chango yanasingiziwa maji baridi. Mwenye chango anachemsha mizizi, anakunywa, ananyamaza. Sikuwahi kuwacheka, maana mama yangu mzazi alininywesha mizizi hiyohiyo nilipovunja ungo. Lakini maji ya mfereji yamesingiziwa mengi. Baadhi ya hayo machango yalikuwa maambukizi ya via vya uzazi, hayo ninyi mnayoyaita PID kwa ufupi wenu. Wadudu wanapanda kutoka ukeni, wanapita mlango wa kizazi, wanaingia kwenye kizazi na mirija. Mara nyingi chanzo ni magonjwa ya kujamiiana, si mara zote, kwa hiyo midomo yenu isikimbilie kuhukumu. Mimba ikishakomaa kidogo kizazi hujifunga na ugonjwa huu huwa nadra. Miezi ya mwanzo ndiyo ya kuogopa. Mimba inaweza kutoka. Na maambukizi yanayobaki huko chini bila kutibiwa yanaweza kupasua chupa ya uzazi kabla ya siku zake, mtoto akazaliwa njiti, au yakamngoja njiani, akayabeba machoni na kifuani wakati anapita. Nimeona macho ya kichanga yamevimba na kujaa usaha, na sitaki muyaone mpaka mstaafu.

Basi siku moja, nikiwa dirishani, nikamwona Magreth.

Alikuwa binti wa Kidatoga, bangili za shaba zimemjaa mkononi, darasa la saba alimaliza na Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Alishuka kwenye bodaboda kwa ule mtindo niliowaambia. Nikatoka nje nikampokea. Mimba ilikuwa changa, kama miezi miwili, na kabla ya hiyo alishapoteza mbili. Hata hakukaa, akaniambia, "Sista, na hii inaondoka."

Nikapasha mikono, nikampima. Homa ilikuwa juu, kuna uchafu wenye harufu, na nilipobonyeza chini ya kitovu uso wake ukajikunja wote ingawa mdomo ulifungwa, maana wanawake wa Kidatoga hawalii ovyo. Nikamuuliza swali la Mama Veronika. Akainamisha kichwa, akazungusha bangili moja.

"Ya mfugo."

Mumewe, Gidamis, alikuwa amemchoma sindano ya ng'ombe. Ile dawa ya maji ya njano inayokaa kwenye kila boma, oksitetrasaiklini, ambayo mfugaji anaifahamu kuliko anavyomfahamu mwenyekiti wa kijiji. Alikadiria uzito kwa macho, akaona mke wake ni sawa na ndama mkubwa, akavuta dawa, akachoma. Homa ikashuka siku chache, wakafurahi. Kisha maumivu yakarudi na nguvu mpya.

Chekeni kidogo, nawaruhusu, mimi pia nilicheka baadaye. Lakini mfikirieni yule bwana. Mke anaungua homa, mimba mbili zimeshapotea, zahanati iko mbali, na ndani kuna chupa moja ya dawa ambayo imeokoa ng'ombe wake mara nyingi. Alimpa mkewe kitu bora alichokuwa nacho. Kosa ni kosa, kwa sababu dawa ya jamii ile haimfai mjamzito, inaharibu meno na mifupa ya mtoto tumboni, na sindano ya zizini msiniambie habari zake. Lakini ningemgombeza Magreth siku ile asingeniambia tena ukweli maisha yake yote. Nikasema tu, "Asante kwa kuniambia," na nilimaanisha.

Sikubahatisha. Maumivu ya namna ile kwenye mimba changa yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo inaua. Nikapiga simu, gari la wagonjwa likaja, akapelekwa hospitali Karatu. Huko wakampima kwa hiyo utrasaundi yenu, nami naishukuru sana, wakakuta mimba imekaa mahali pake na moyo unapiga. Wakamlaza, wakamtibu kwa dawa za kuchomwa mshipani zinazomfaa mjamzito, akarudi anatembea wima.

Kazi ilikuwa bado. Kumtibu mke ukamwacha mume ni kudeki nyumba inayovuja. Gidamis alikuwa akisafiri na malori ya vitunguu kwenda mijini, anakaa wiki anarudi, na huko alikopita anapajua mwenyewe. Tulimpa Magreth kikaratasi cha kumwita mwenza. Gidamis akakifanya kifungio cha ugoro. Nikamtumia salamu kwa simu mara kadhaa mpaka akaja, mrefu, shuka begani, akasimama mlangoni asiingie.

"Sista, mimi siumwi."

"Wanaume wengi hawaumwi, ila wanaye mdudu. Mkeo amepona, ukirudi kwake bila dawa anaanza upya, na safari hii mtoto anaweza kuondoka."

"Mtu asiyeumwa anywe dawa ya nini?"

Hapo nikajifanya mjanja. Mimi Mwiraqw wa Ganako, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa wanaokula majani niliyowakatia, nikaamua kumfundisha Mdatoga mambo ya ng'ombe. Nikamwambia, "Gidamis, dume lako likiwa na ugonjwa unaoharibu mimba za majike, unafanyaje?"

Akanitazama kwa huruma. "Tunalichinja, sista. Unataka nichinjwe?"

Akapanda bodaboda akaenda zake. Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa na hasira, na pia nikijizuia kucheka. Lakini hasira ilizidi, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Nilikuwa nimeshaizoea sauti ya Magreth akisema "na hii inaondoka", ilikuwa inanifuata mpaka jikoni.

Magreth hakukaa akisubiri. Nilimwambia asilale na mumewe mpaka mumewe amalize dawa, na yeye akafanya jambo la busara, akahamisha ngozi yake ya kulalia, akaenda kulala kwa mama mkwe. Sasa mama mkwe huyo, tuliyemwita Mama Gidamis, hakuwa mtu wa kufichwa jambo chini ya paa lake. Akaja zahanati. Akaketi kwenye benchi, akanyoosha miguu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Mke wa mwanangu analala kwangu na hakugombana na mtu. Ana nini?"

Wanangu, hapa ndipo kazi yetu inapoonekana. Niliujua ugonjwa, nilimjua aliyekataa dawa, na mbele yangu alikuwa mtu pekee anayeweza kumtikisa. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza. "Mama, siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Muulize mwenyewe. Akitaka kukwambia atakwambia." Akairudisha miguu yake. Nilidhani amekasirika. Akainuka, akasema, "Basi hata mimi nikiumwa nitakuja kwako," akaondoka.

Jioni ile Magreth alimweleza mama mkwe wake yote. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye, na alisema maneno yaliyomtoa woga ni ya methali tuliyoandika ukutani kliniki: mficha uchi hazai. Alikuwa akiisoma kila alipokuja, akidhani tumemwandikia yeye.

Sasa mnatakiwa kujua jambo moja kuhusu Wadatoga ambalo mimi sikulijua vizuri mpaka siku hizo. Wanaume wao wana vikao vyao, na wanawake nao wana chao, na kikao cha akina mama ukikikosea hutaki kukikosea tena. Mwanamume akimdhuru mwanamke katika mambo ya uzazi, akina mama hukutana mbali na macho ya wanaume, husikiliza, huhukumu, na hukumu yao ni faini ya ng'ombe. Asipotoa, wanamlaani, na laana ile mwanamume mzima haichezei. Mama Gidamis aliita kikao juu ya mwanawe mwenyewe. Hakutaja ugonjwa. Alisema tu kwamba kuna mjamzito ambaye mtoto wake atapona iwapo mume wake atakunywa dawa, na mume amekataa. Akina mama hawakuhitaji zaidi ya hapo. Wakamtumia Gidamis ujumbe kwamba achague: zahanati, au kulitoa lile dume lake jeusi.

Dume lile nililiona baadaye. Ningekuwa mimi, ningekimbilia zahanati pekupeku.

Alikuja asubuhi kabla sijafungua dirisha la dawa. Na nyuma yake, kwa miguu, polepole, likaja kundi la akina mama na mavazi yao ya ngozi na shaba zao zinalia, wakaketi chini kwenye kivuli cha ukuta wetu. Muuguzi mwenzangu akawauliza wana shida gani. Mmoja akasema wamekuja kupimwa presha. Ikabidi tuwapime wote, na presha zao zilikuwa nzuri kuliko yangu.

Gidamis aliingia, safari hii akafunga mlango. Nilijiandaa kwa ubishi mwingine. Akakaa, akavua kofia, akaanza kuizungusha mikononi kama Magreth alivyozungusha bangili.

"Zile mbili za mwanzo," akasema, "ni mimi?"

Swali hilo hamtalikuta kwenye mtihani. Ningeweza kumpiga nalo, maana alinisumbua vya kutosha. "Sijui," nikamwambia, na ndio ukweli. "Mimba hutoka kwa sababu nyingi. Hii ya sasa ndiyo ninayoijua."

"Nikinywa dawa, mtoto atabaki?"

"Siwezi kuapa. Ila tutakuwa tumemfungia mlango mmoja mkubwa wa hatari."

Akatoa mkono achomwe. Akaniuliza kama sindano yangu ni ndogo kuliko ya ng'ombe, nikamwonyesha, akaidharau, kisha nilipomchoma akafumba macho. Vidonge akavimeza mbele yangu. Nikamwambia asimguse mkewe mpaka siku nilizomtajia ziishe, akajibu kwa unyonge kwamba hata angetaka, mke analala kwa mama yake.

Miezi iliyofuata nilimhesabia Magreth kliniki kwa roho juujuu. Kila alipochelewa nilitazama barabara. Tumbo likakua, mtoto akacheza, hakuna homa, hakuna maji yaliyotangulia. Siku zilipotimia akaja asubuhi, akitembea vizuri tu, na mama mkwe nyuma yake amebeba kibuyu cha maziwa. Gidamis alibaki ng'ambo ya barabara, maana kwao mwanamume hasogelei uzazi, lakini kila nilipopita dirishani nilimwona amesimama palepale na fimbo yake.

Mtoto alizaliwa wa kike, uzito mzuri, sauti ya kutosha. Mama Veronika alitufundisha: futa macho kwanza, shangilia baadaye. Nikafuta macho, nikapaka ile dawa ya macho ya kichanga. Magreth, amechoka, jasho linamtoka, akageuza kichwa, akasoma maandishi kwenye tyubu.

"Sista. Tetrasaiklini. Si ndiyo dawa ya ng'ombe ya Gidamis?"

Nilicheka mpaka nikashika kitanda. "Ni ndugu yake," nikamwambia. "Ya macho hii, kidogo tu, inamfaa mtoto. Ya chupa, ya zizini, mwache nayo ng'ombe wake."

Mtoto akafumbua macho. Meusi, safi, hayana hata tone la uchafu. Alikuwa anatafuta tu mwanga wa dirisha langu. Niliwahi kupokea watoto wengi, wanangu, na nilimshukuru Mungu kwa kila mmoja, lakini kwa huyu nililia waziwazi, na Magreth ndiye aliyenibembeleza.

Mama Gidamis alipoingia alimtazama mjukuu. Akaja kwangu. Akaniomba nifungue viganja. Nikadhani anataka kuvitazama, kumbe amekunywa funda la maziwa kutoka kwenye kibuyu, na kabla sijajua akainama na kuyapuliza, maziwa na mate yake pamoja, viganjani mwangu, akisema maneno ya Kidatoga polepole. Magreth akanitafsiria: anaibariki mikono yako, ifike mbali.

Nilifundishwa kunawa. Nimewafundisha wengi kunawa, nimewafukuza wengine chumbani kwa sababu ya kunawa. Siku ile hakukuwa na mama mwingine wa kuhudumiwa, na mwenzangu wa zamu ya pili alikuwa ameshafika. Nikatoka nje na viganja vyangu wazi mbele yangu, nikamwashiria Gidamis kwa kichwa kwamba ni salama, nikamwona akikaa chini vumbini papo hapo, mtu mzima yule, na kufunika uso kwa shuka.

Nikaenda nyumbani hivyohivyo, bila kunawa. Kama Mama Veronika angekuwa hai akanidaka njiani na kuninusa, angekuta maziwa badala ya sabuni, na nadhani kwa mara ya kwanza asingenirudisha bombani.